Kitabu Kisicho na Makofi

Wasike akicheka vizuri jukwaani, pale ukumbi wa reli Nakuru, flamingo ziwani walishusha mguu wa pili. Ukibisha, kawaulize flamingo.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa kufagia mabehewa ya daraja la kwanza. Lakini jina lake lilitokana na Jumamosi jioni, alipoigiza karani mlevi, mkwe mwenye wivu, hata mbuzi. Mwaka huo wa hamsini na sita mkutano wowote ulitaka kibali cha serikali, na watu walisema Wasike akiwa peke yake tayari ni mkutano.

Nyumbani, kwenye chumba chao kimoja cha landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, sauti hiyohiyo ilikwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwezi wa Aprili mkewe Nekoye alijifungua mtoto wa kike aliyekuja kimya na kuzikwa kimya. Tangu siku hiyo mume na mke walizungumza habari za makaa, sabuni na mvua. Mpaka Agosti, Nekoye aliposema:

"Niombee pasi yangu ya reli. Naenda kwa mama, Kimilili."

"Siku ngapi?"

"Wewe niombee tu."

Mke wa mfanyakazi wa reli alipewa pasi moja kwa mwaka, ya kwenda na kurudi. Wasike aliipokea Jumatatu: kuondoka Jumamosi, treni ya saa nane mchana. Mahali pa tarehe ya kurudi Nekoye hakutaka paandikwe kitu. Wasike alipatazama pale patupu hadi karani akamuuliza kama anapanunua.

Siku hiyohiyo stesheni masta alimwita. Kitabu ambacho Wasike alikiokota chini ya kiti cha abiria kilikuwa kimekaa kabatini miezi mitatu bila mwenyewe kujitokeza, na sheria ilikuwa wazi: sasa ni chake. Wasike, ambaye Kiingereza chake kiliishia darasa la sita, alikipeleka mtaa wa Bondeni kwa Hemed, fundi cherehani aliyesoma magazeti mpaka miwani yake ikaomba likizo.

"Hizi ni hadithi fupi," Hemed alisema. "Na huyu aliyeandika ni Mwamerika wa michezo ya kuigiza. Wanasema huko kwao kumbi zinajaa mpaka watu wanakaa mapajani."

"Kumbe ni mwenzangu!"

"Mwenzako? Wewe uliigiza mbuzi." Hemed akafungua ukurasa wa kwanza. "Sikiliza anavyosema. Mchezo anauandikia ukumbi. Hadithi anamwandikia mtu mmoja tu, aliyeketi karibu naye."

Lakini Wasike alishafika mlangoni, kitabu kwapani. Alikuwa na siku tano, na hatimaye alikuwa na maneno.

Jioni hiyo alipanda juu ya kigoda akamsomea mkewe, akitafsiri kwa ngurumo. Kufikia ukurasa wa pili, majirani wa laini nzima ya vyumba walikuwa dirishani. Odero, jirani wa ukuta mmoja, alikuja na kiti chake. Makofi yalipigwa. Nekoye aliinua karai, akaenda kuosha vyombo bombani, na hakurudi hadi watu walipotawanyika. Jumanne ikawa hivyo hivyo, ila Odero alileta na shemeji zake. Jumatano, Nekoye alisimama na karai mkononi.

"Wasike, hadithi hii unamsomea nani?"

"Wewe, bibi yangu."

"Mimi nilidhani ni Odero. Ndiye anayepiga makofi."

Ndipo maneno ya Hemed yalipomfikia, yamechelewa kama treni ya mizigo. Mtu mmoja tu, aliyeketi karibu.

Alhamisi alifunga dirisha. Akaketi sakafuni kando ya jiko, bega lake karibu na goti la Nekoye, akasoma kwa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo. Ukuta ukagongwa.

"Bwana Wasike! Paza sauti, huku hatusikii!"

"Leo ukumbi umejaa, Odero! Lala!"

Mdomo wa Nekoye ulitikisika kidogo. Karai lilibaki mahali pake.

Kusoma polepole, hata hivyo, kulikuwa na shida yake. Kwenye ngurumo, neno usilolijua hupita kama vumbi. Kwenye kunong'ona, linasimama hapo likikutazama. Kiingereza kilipomshinda, Wasike alijaza mwenyewe, hata akawapikia Wamerika mboga ya mrenda.

"Huko Amerika kuna mrenda?" Nekoye aliuliza.

"Mwingi. Wanaupanda nyuma ya landhi."

Ijumaa ikabaki hadithi ya mwisho. Sanduku la Nekoye lilikuwa limefungwa kamba, pasi imelazwa juu yake. Alikaa akichambua mboga na kuzitia kwenye sufuria iliyokuwa motoni. Hadithi ilimhusu seremala aliyetengeneza kiti kidogo, na baada ya hapo Wasike hakuelewa hata mstari. Akaendelea tu.

"Kiti kilikuwa cha mtoto wake. Mtoto hakukikalia. Basi seremala akakificha darini, akawa anazurura mjini akichekesha watu, maana akinyamaza tu, anakisikia kile kiti. Na mkewe alikuwa nyumbani akikisikia peke yake."

Mikono ya Nekoye ilisimama.

"Mtoto alikuwa aitwe nani?"

Wasike aliinamia ukurasa. Herufi zilitembea kama siafu.

"Nafula," alisema.

Ndilo jina alilolitaja mara moja tu, mvua ikipiga bati, kiganja chake juu ya tumbo la mkewe.

"Wasike. Ukurasa huo hujaugeuza tangu nianze mboga hizi."

"Ni... ni ukurasa mrefu."

Nekoye alikichukua kitabu mikononi mwa mumewe, akakifunga, akakiweka chini.

"Endelea," alisema.

Akaendelea, bila kitabu, bila kusimama, machozi yakimchuruzika. Nekoye naye akasema yake. Mboga ziliungua, na hakuna aliyeinuka.

Jumamosi walifika stesheni pamoja, sanduku limebaki nyumbani. Nekoye aliisukuma pasi mbele ya karani.

"Hii inabadilishwa tarehe? Weka Disemba. Na bwana huyu naye mwandikie yake."

"Na kurudi, mama?"

"Jaza. Baada ya sikukuu."

Treni ya saa nane iliondoka ikipiga honi. Walipovuka reli Nekoye alimshika mkono.

"Lakini kwa mama usiigize mbuzi."

"Hata mdogo?"

Akafikiri. "Mdogo, labda."