Mtamu, Lakini Si Wenyewe

Baba alikuwa fundi saa, na jicho lile lililozoea kusaka kosa ndani ya saa alikuja nalo mezani. Kila Jumapili mama alimpikia wali wa kwao baba: vitunguu vya kukaanga, supu ya nyama, iliki, kisha makaa yakapaliwa juu ya mfuniko. Baba alionja, akameza, akasema, "Mtamu, lakini si wenyewe." Wenyewe ulikuwa wa bibi, mama yake baba, ambaye mama alipoolewa alimkuta keshakufa. Mama alicheka tu. Nami nikauchukulia kuwa utani wao, maana sahani ya baba ilirudi jikoni tupu.

Mama alipolazwa hospitalini, nilikuwa nikimpaka mafuta miguuni akaniambia, "Mwanangu, ule wali wa baba yako sikuupatia hata siku moja." Nilijifanya natafuta kifuniko cha mafuta, na wiki ile ile tukamzika.

Baada ya msiba baba akaacha kula. Suruali zikampwaya, mashavu yakaingia ndani. Daktari alinivuta pembeni akaniambia dawa zake za moyo hazimezwi tumbo likiwa tupu, na kama mzee hatakula, nijiandae. Nilipomuuliza baba anatamani nini, akajibu wali wa kwao. Nikamshukuru Mungu, nikampigia simu shangazi.

Shangazi, dada yake baba, tulimwita Jaji, kwa kuwa hakula harusi ya mtu bila kutoa hukumu. Alifika na mchele wa kwao na maneno yake. Hata viatu hajavua akasema marehemu wifi yake alikuwa mwema, ila kwa wali huu alikuwa mgeni. Nilimeza hasira. Nilipotoa sufuria ya mama, ile iliyobonyea ubavuni, akaisukuma kando akataka nyingine. Nikamwambia mama hakupikia nyingine.

"Asiyekuwepo na lake halipo," akasema, akajichukulia nyingine. Ningeweza kumrushia mwiko.

Lakini alijua kazi yake, huo ndio ukweli. Aliroweka mchele, akaepua vitunguu kabla havijakolea, akazidisha moto wa juu kuliko wa chini. Alipofunua na kuonja, Jaji mzima alikaa kwenye kigoda akalia. Alisema ni wa mama yao, haujakosa hata punje.

Tulimpelekea baba kitandani. Alitia kijiko kimoja mdomoni, akafumba macho.

"Ndio wenyewe," akasema.

Moyo wangu ukatulia. Kisha akakiweka kijiko.

"Kula basi, baba."

"Nilitaka ule mwingine. Wa mama yako."

Hasira zote nilizomeza zikanipanda. Nikamwambia mama amekufa akiamini hakuupatia, kwa sababu yake, kwa sababu ya Jumapili zote zile. Shangazi alinivuta mkono, lakini nilikuwa nimeshasema.

Baba aliutazama wali. "Nilikuwa namtania," akasema. "Nilidhani anajua."

Kesho yake nikairudisha motoni ile sufuria iliyobonyea. Niliunguza vitunguu. Siku nyingine nikazidisha maji, nyingine nikasahau iliki makusudi, na shangazi akawa ananipa chumvi. Sote katika nyumba ile tulijua kwamba mama anakosea, lakini hakuna aliyewahi kuangalia anakosea wapi. Nilijichukia kwa hilo, na ninajichukia bado.

Kila nilipompelekea, baba alionja kwa adabu, kama mgeni.

"Mtamu, mwanangu," alisema.

Nilisimama mlangoni nikingoja amalizie maneno. Hakumalizia. Nikachukua sahani nikairudisha jikoni, imejaa.