Gia ya Munyi Kwenye Kona ya Nithi

Kuna wazee mpaka leo wanakaa sokoni Chuka wakisema eti Kathuri alikuwa dereva bora kuliko Munyi. Mimi nikiwasikia naondoka, kwa sababu nikibaki nitamtukana mtu mzima mbele ya wajukuu wake. Kathuri! Kathuri aliyekuwa akikanyaga breki kabla ya kila kona kama mtu anayepapasa ukuta gizani! Usinichekeshe.

Mimi ni Igoki, wa hapa Mwimbi, juu ya mto Nithi. Shabiki wa kwanza wa Munyi nilikuwa mimi, na ushabiki wangu huo nusura umpeleke kizuizini Manyani. Nitaeleza. Lakini kwanza niacheni nimsifu mtu wangu, maana wengine mmezaliwa juzi na mnadhani mbio za magari ni zile za redioni tu.

Wakati wa emajensi, ile hali ya hatari serikali ya Wazungu ilipopigana na watu wa msituni, kulikuwa na mabasi mawili yaliyoshindana kutoka Embu mpaka Meru. Tumaini lilikuwa la kijani, na dereva wake ni Munyi, Mwembu wa Kianjokoma, mrefu, mkimya, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Radi lilikuwa la manjano, la Kathuri. Kizuizi cha polisi kikifunguliwa asubuhi pale Embu, yote mawili yanatoka pamoja, na litakalofika Meru kwanza ndilo linalojaza abiria wa kurudi. La pili linarudi na kuku. Kwa hiyo ilikuwa mbio, jamani, mbio kila Jumamosi, kwenye barabara ya maramu, udongo mtupu, na mabonde yasiyoisha.

Sisi wanawake tulikuwa tumesombwa tukawekwa katika kijiji kimoja chenye handaki na miti iliyochongwa pande zote. Asubuhi homgadi, watu wetu wenyewe waliopewa bunduki na serikali, wanatutoa kwenda kuchimba matuta kando ya barabara, bila malipo, mvua ikinyesha au isinyeshe. Kutembea bila pasi, hapana. Kwenda kumwona mama yako ng'ambo ya pili, hapana. Sasa niambie wewe: mtu anayeishi hivyo, akiona gari linapita katika barabara ile ile asiyoruhusiwa kuikanyaga, linapita kama halimwogopi mtu yeyote, atakosaje kulipenda?

Nilianza kumpenda Munyi siku gia yake ya kwanza ilipokatika meno chini kabisa, pale darajani Nithi. Mlima ule bila gia ya kwanza hupandi, na Radi lilikuwa nyuma yake linapiga honi. Tukasema basi, leo amekwisha. Munyi aligeuza basi zima pale penye nafasi ya kugeuza mbuzi, akatoa kichwa dirishani, akapanda mlima wote kinyumenyume kwa gia ya rivasi, iliyobaki nzima! Abiria wanapiga mayowe, Kathuri yuko nyuma na hana pa kupitia, na sisi juu tumeacha majembe tunatazama matako ya basi yakipanda kuja kwetu. Alipofika juu nilijikuta nimepiga kigelegele. Sikupanga. Kilitoka chenyewe, kama vile mtu anapozaliwa. Karimi, rafiki yangu tuliyechimba naye, akakidaka. Wanawake wa ng'ambo wakatusikia, nao wakadaka, na wale wa mbele yao pia.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Jumamosi tukisikia Munyi anakuja, tunapiga. Mlima mmoja unapokea kutoka kwa mwingine, toka Thuci, Chuka, mpaka kwetu na kwenda mbele, na sauti zinamtangulia barabarani. Homgadi wetu mwanzoni walicheka tu. Hata wao walikuwa na upande wao, msidanganywe.

Halafu kuna ile ya Mzungu. Hiyo sikuiona kwa macho, nilisimuliwa na wachuuzi wa miraa wa Laare waliokuwa ndani ya basi, lakini naiamini kuliko vitu vingi nilivyoona. Mzungu mmoja wa Nanyuki alikuwa akilijaribu gari lake la mashindano, lenye namba kubwa mlangoni. Aliteremka kupitia Kiirua, akapita Meru, akaenda Nkubu, akageuka. Munyi akamkuta mbele yake. Tumaini lilikuwa na abiria wamejaa hadi mlangoni, magunia ya viazi, na mbuzi wanne juu ya paa. Munyi akampita kwa nje ya kona. Kwa nje! Mzungu alipofika Meru alilizunguka lile basi mara kadhaa, akainama akachungulia chini, anatafuta injini ya pili. Mbuzi wako juu wanamtazama.

Siri yake ilikuwa gia. Dereva mwingine akiteremka Nithi, atapiga breki, atapunguza mpaka karibu asimame, ndipo aingize gia: grrr, meno yanasagana mpaka unaona huruma. Munyi alishusha gia huku bado anakimbia. Unasikia injini inanyamaza kidogo, kama mtu anavuta pumzi, halafu inanguruma mara moja, laini, na basi limeshaingia kona. Hatukuhitaji kumwona. Ukiwa umeinama na jembe, mtoto mgongoni, unasikia ile pumzi kutoka bonde la pili na unajua huyo ndiye.

Basi. Riungu, mkuu wa homgadi wetu, akaanza kufikiri, na Riungu akifikiri lazima mtu aumie. Akaenda kwa D.O., yule ofisa wa Kizungu wa serikali pale Chuka, akamwambia: vigelegele vinatoka Embu vinafika Meru haraka kuliko gari. Ni ishara. Wanawake wanawaambia watu wa msituni kwamba basi la kijani linakuja, na ndani ya basi kuna chakula chao. Ala! Sisi tunashangilia, yeye anasikia vita!

Amri ikatoka: mwanamke atakayepiga kigelegele, miezi mitatu jela. Na Munyi akakamatwa. Akafungwa pingu palepale kwenye usukani, akaletwa Chuka, akaulizwa, "Vigelegele vile maana yake nini?"

Munyi akajibu, "Vigelegele gani?"

Nilipoletewa habari hiyo nilikasirika, siwafichi. Vigelegele gani? Sauti yangu imekauka kwa ajili yako, unasema vigelegele gani? Riungu naye akafurahi, kwa sababu kila mtu aliona huyu anadanganya. D.O. akasema Munyi ataondoka na lori litakalofuata, Manyani. Manyani watu walikuwa wanaenda, kurudi ni habari nyingine.

Usiku ule sikula. Hasira ikaniisha, ikabaki hofu. Nilimwambia Karimi, "Yule kijana anapotea kwa sababu ya mdomo wangu." Karimi akaniambia, "Basi mdomo huo huo uende ukamtoe." Asubuhi nikaomba pasi ya kwenda kwa D.O. Riungu alinipa haraka. Nadhani alifikiri naenda kumchongea mtu.

"Bwana," nikamwambia D.O., "anayepiga vigelegele ni mimi. Ndimi niliyeanza. Si ishara. Ni kwa sababu anaendesha vizuri."

Alinitazama kama nimemwambia ng'ombe wangu anasoma. "Wanawake milima yote hiyo, kwa sababu anaendesha vizuri?"

"Ndiyo, Bwana. Tunamjua hata tusipomwona."

Riungu alikuwa amesimama pale mlangoni. Akasema, "Bwana, mwanamke huyu anakuchezea. Wanaangalia rangi ya basi. Basi la kijani, ishara. Hawajui dereva wala nini."

D.O. akagongagonga kalamu mezani. Halafu akatoa uamuzi. Jumamosi, Kathuri ataendesha Tumaini, atatangulia. Munyi atafuata nyuma na Radi, askari kando yake. Wanawake wasiambiwe. Wakishangilia basi la kijani, ni ishara, na Munyi anakwenda Manyani. Wakinyamaza kwa yote mawili, basi mimi ni mwongo, na Munyi anakwenda Manyani, nami jela.

"Na wakimshangilia Munyi katika basi la manjano?" nikauliza.

"Hapo nitakuwa nimesikia kitu kipya," akasema.

Mpaka Jumamosi wakaniweka mbali na wenzangu, nisitoe siri. Hebu fikirini nilivyokuwa. Wenzangu wamekatazwa kufungua mdomo, miezi mitatu jela iko juu ya vichwa vyao, wana watoto wa kunyonyesha. Wanajua Munyi amekamatwa. Hawana sababu ya kumtazamia. Na kama wangemtazamia, wangemtazamia katika basi la kijani!

Jumamosi tukasimama juu ya kona ya Nithi: D.O., Riungu, askari wawili, na mimi. Chini yetu niliona Karimi na wengine wameinama kwenye matuta. Kulikuwa kimya, majembe tu.

Tumaini likaja kwanza. Nililiona vumbi lake ng'ambo, halafu rangi ya kijani, na wanawake wa mlima ule wakainua vichwa. Nilimwona mmoja amenyoosha mgongo, mkono umeenda mdomoni. Nikasema ndani yangu, Ngai wangu, nyamaza dada, nyamaza. Riungu alikuwa amemwambia Kathuri akimbie kama Munyi, na Kathuri alijitahidi, simnyimi haki yake. Lakini kona ni kona. Breki zikalia. Kisha: grrrr.

Mkono wa yule mwanamke ukashuka. Akarudi kwenye jembe lake. Tumaini likapita mbele yetu, hata Karimi hakuinua kichwa.

"Wanaogopa amri," Riungu akasema, anatabasamu. "Na huyo wa pili akija watanyamaza vilevile. Bwana, umeona wewe mwenyewe."

D.O. akatazama saa yake. Na Riungu, alaaniwe, alikuwa amesema neno la kweli: huenda ni woga. Ningekuwa mimi kule chini na mtoto mgongoni, ningethubutu? Sijui.

Tukangoja. Vumbi la Tumaini likatua. Kisha nikaisikia, mbali sana, kutoka upande wa Chuka, mahali ambapo jicho halifiki. Injini ikanyamaza kidogo, ikavuta pumzi, ikanguruma mara moja, laini.

Na kigelegele kikatoka.

Kimoja kwanza, chembamba, sijui ni cha nani mpaka leo, na ningemjua ningempa mbuzi. Halafu vikawa vingi. Mlima wa pili ukadaka, wa tatu ukadaka, zikaja zile sauti bonde kwa bonde, zimebeba siku zote zile za kunyamazishwa. Radi la manjano likatokea ng'ambo, basi la adui, basi tulilokuwa tukilizomea, na wanawake wamesimama wima kwenye matuta, majembe juu, wanalishangilia! Homgadi mmoja kule chini alirusha kofia yake hewani, nilimwona kwa macho yangu. Karimi alikuwa amepanda juu ya jiwe. Mimi nikasahau D.O., nikasahau jela, nikapiga mpaka machozi yakanitoka.

Munyi akateremka Nithi kama maji. Kwenye kona yetu hakugusa breki. Askari aliyekuwa kando yake alikuwa ameshika mlango kwa mikono miwili, amefumba macho.

D.O. akainua mkono, basi likasimama. "Zima injini," akasema.

Munyi akazima.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo nimekaa nalo miaka yote hii. Munyi alibaki ameketi, mikono kwenye usukani. Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea, mbele na nyuma, mabonde yote. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Akaivua ile kofia ya sufu. Akashuka polepole, akasimama barabarani, akawa anasikiliza tu.

"Hiyo ndiyo sauti ninayoulizwa?" akasema.

"Hukuwa unaisikia?" nikamwuliza. Ndiyo mara ya kwanza kusema naye.

"Mama, injini ile iko hapa magotini kwangu. Nasikia injini tu. Naona midomo yenu imefunguka, mikono iko juu, majembe juu. Nilidhani mnanitukana kwa sababu ya vumbi. Kila Jumamosi najiambia, nikanyage mafuta niwaondokee haraka, kina mama hawa wameteseka vya kutosha."

Weee! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Miaka yote ile tunamshangilia anaongeza mwendo, anaongeza mwendo tunashangilia zaidi! Hata D.O. aligeuka akatazama mlimani, mabega yanamtikisika. Kisha akamwambia Riungu, "Mpe dereva pasi yake, aende." Riungu akaitoa mfukoni kama anang'olewa jino.

Msidhani tulisamehewa. Kwa kuvunja amri tuliongezewa wiki nzima ya kuchimba matuta, milima yote. Tulichimba. Nawaambia, hakuna matuta yaliyochimbwa kwa kicheko kama yale.

Na Munyi? Siku ile ile, walipokutana Meru, alirudi kwenye usukani wa Tumaini. Kathuri alishuka mwenyewe akampa nafasi, hilo nalo nimwachie. Na tangu Jumamosi iliyofuata akawa na desturi yake mpya, na wale wazee wa sokoni wakisema alipunguza mwendo uzeeni, waambieni walikosa kuuliza. Kila alipofika juu ya kona ya Nithi, hata kama Radi liko nyuma yake linapiga honi, alikuwa anazima injini, analiacha basi liteleze lenyewe mteremko ule, kofia mkononi, dirisha wazi, anatusikiliza. Halafu chini darajani anaiwasha tena. Na bado alikuwa anafika Meru wa kwanza.