Mzito Ni Nani?

Filimbi hakupewa jina hilo kwa kupenda muziki. Dada yake ndiye aliyembandika tangu utotoni, kwa sababu upepo ulikuwa haupiti mdomoni mwake bila kutoa sauti. Hata misibani watu walimkalisha mbali na wafiwa, kama unavyoweka kiberiti mbali na petroli.

Asubuhi ya safari ya familia ng'ambo ya mlima, shemeji yake aliingiza gari kwenye uwanja wa mizani ya malori. Nyuma alikuwa anavuta trela la kulala, kijumba cheupe chenye kitanda, jiko la gesi, sinki, na tangi la maji chini ya sakafu. Shemeji alikuwa mtu wa kusoma maelekezo. Dawa ya mbu aliisoma mpaka mgongoni mwa kopo. Alikuwa ameshajua mwisho wa uzito wa gari, mwisho wa trela, na mwisho wa vyote viwili vikiwa vimeshikana, na aliapa hapandi mlima kabla hajapima.

"Mlima hauna ujamaa," alisema. "Ukizidisha, wakati wa kuteremka trela ndilo linalokuendesha wewe."

"Shemeji, hata mkoba wa dada tutaupima?"

"Filimbi," dada akaita kutoka kiti cha mbele, bila kugeuka.

"Nimenyamaza, dada."

Hakunyamaza. Mama, aliyekaa naye nyuma, akamfinya paja.

Karani wa mizani, mwanamke mwenye kofia ya njano, aliinama dirishani. "Asishuke mtu. Mnapima kama mtakavyosafiri. Watu ndani, mizigo ndani, hata huo mkate mnaotafuna." Wakapanda na gari kwanza, trela likiwa bado nje ya bamba la mizani. Wakasogea, likapanda na trela. Karani akarudi akitikisa kichwa.

"Kila kimoja peke yake hakina neno. Vikiwa pamoja mmezidi. Kama mtu mzima mmoja hivi, tena aliyeshiba. Sogeeni pembeni mpunguze."

Pembeni palikuwa na foleni ya malori ya mchanga, na madereva wake wamekaa kwenye kivuli cha matairi wanakunywa chai. Hadhira! Filimbi akishaona watu wamekaa bila kazi, miguu inamwasha. Alishuka, akapiga makofi.

"Mabibi na mabwana! Mizani imesema kuna mzito mmoja kwenye gari hili. Leo atajitaja mwenyewe!"

"Kama ni mimi semeni," mama akajibu dirishani, "nikapande basi. Mtanikuta nimeshafika, nimeoga, nimelala."

Madereva wakacheka. Filimbi akanogewa.

"Mama si mzito, mama ana heshima nyingi tu. Shemeji naye mifupa mitupu, ukimtikisa analia kama njuga. Amebaki mmoja." Akainama kwenye dirisha la mbele, mkono kifuani kama mshenga. "Dada, usituchoshe. Mzito ni wewe?"

Ulikuwa upuuzi mtupu. Filimbi hakujua lolote. Lakini shemeji, msomaji wa makopo, uongo hakuusomea. Aligeuka upesi, akamtazama mkewe tumboni.

"Umeshamwambia?" akanong'ona.

Kunong'ona kwa shemeji ni sawa na kuzungumza kwa watu wengine. Mama alisikia. Dereva mmoja akasikia, akasimama na kikombe chake.

"Kumbe! Hongera mama! Mungu akujalie salama!"

"Hongera!" wengine wakaitikia, na lori moja likapiga honi.

Dada alizungusha mpini wa kioo, kikapanda polepole, mpaka uso wa Filimbi ukabaki nje pamoja na vumbi.

Hapo ndipo Filimbi alipokumbuka. Mara ya kwanza habari zilienea mtaa mzima kabla tumbo halijaonekana, wanawake wakaja na vigelegele. Mimba ilipotoka, wanawake walewale walirudi, wakakaa kwenye viti vilevile, wakasema pole. Mara ya pili ikawa vilevile. Baada ya hapo dada alisema neno moja jikoni, Filimbi akiwepo: "Ikitokea tena, haambiwi mtu. Tumbo litajisemea lenyewe." Kitu pekee alichokuwa amejiwekea, na mdogo wake amekitangaza kwa wauza mchanga.

Masikio yakamwaka moto. Akajitupa ndani ya trela, eti anatafuta cha kupunguza. Macho yakatua kwenye kipimo cha maji ya tangi. Limejaa. Shemeji alimwambia aliache tupu, watajaza wakifika, lakini yeye alitaka kuoga njiani kama bwana mkubwa, akalijaza usiku, mpira wa maji ukiimba. Mzito alikuwa yeye.

Angeweza kufungulia kimyakimya. Ila nje honi zilikuwa zinaendelea. Akasimama kwenye ngazi ya trela.

"Jamani! Mmempongeza mtu siye! Dada yangu hana kitu, ni utani wangu wa kijinga. Mzito ni mimi. Nimeambiwa tangi liwe tupu, nikalijaza mpaka shingoni!"

Akapiga magoti uvunguni, akafungua koki. Ilikuwa ngumu, kisha ikaachia ghafla, maji yakamlowesha suruali yote ya mbele.

"Chupa imepasuka!" dereva akapiga kelele. "Mwiteni mkunga!"

Uwanja mzima ukavunjika mbavu. Filimbi alitaka kucheka nao, maana ndicho alichokuwa anataka, wamcheke yeye wamsahau dada. Lakini kupitia kioo cha gari alimwona dada ameziba masikio kwa viganja viwili. Maji hayakuwa na haraka. Yalitiririka na kutiririka, na kila aliyepita alikuwa na lake la kusema kuhusu uchungu, na Filimbi alikuwa amepiga magoti pale, hana pa kukimbilia.

Aliporudi garini mama alikuwa anazungumza, macho barabarani, mkono umefika mbele na kutua begani kwa bintiye.

"Masikio yangu yameziba tangu asubuhi. Mimi sijasikia kitu. Nikiambiwa, nitaambiwa."

Dada akaushika ule mkono.

Wakarudi kwenye mizani. Karani akainama. "Wote mmo? Mko wangapi?"

Lilikuwa swali la Filimbi kabisa. Shemeji alimtazama kwenye kioo, kama mtu anayemwangalia mbwa karibu na nyama. Filimbi akainamia magoti yake yaliyolowa.

"Wanne," dada akasema.

"Mko sawa. Nendeni taratibu."

Mlima ulipoanza, trela likafuata bila kusukuma.

"Filimbi."

"Naam, dada."

"Siku nyingine ukiniharibia, niache hivyohivyo. Usinisaidie."

"Sawa, dada."

Filimbi alibaki kimya mpaka kileleni. Mama akamsogezea kitambaa akaushe suruali, na yeye akakikunja, akakiweka mapajani, hakukitumia.