Bibi Harusi wa Gunia

Kwenye shamba la tumbaku la mlowezi mmoja, mnyapara waliyemwita Sindano hakuhitaji kiboko. Ulimi ulimtosha. Akikuchoma asubuhi, mpaka jioni shamba zima linacheka na wewe bado unavuja.

Kazi ilianza umande haujakauka, maana jani lenye maji halipasuki, na mlowezi alipenda majani mazima kuliko watu wazima. Wachumaji walibana majani kwapani, mstari hadi mstari, maji ya tumbaku yakiwatiririka mbavuni. Kufika saa nne mtu anaona dunia inazunguka, anatapika hata asichokula. Wazoefu walijifunga magunia kifuani. Hawakuhitaji daktari kuwaambia kwamba jani lile halingoji livutwe ndipo lidhuru.

Mume wa dada yake Sindano alipoanza kazi, naye alikuja na gunia, kalifunga kamba vizuri kama mwanamke aliyejifunga khanga kifuani. Na shemeji, nani asiyejua, ni mtu wa kutaniwa.

"Haya, vigelegele!" Sindano akapaza sauti. "Bibi harusi kaingia! Shemeji, dada yangu anajua kwamba umeolewa?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shemeji naye akacheka, akalivua gunia, akalitupa. Kesho yake wengine wanne wakaja vifua wazi.

Wiki ya tatu shemeji alianguka katikati ya mstari. Sindano alimfikia wa kwanza, na kabla hajamtazama vizuri, ulimi ukawa umeshatoka: "Shemeji, mimba ya miezi mingapi?"

Ndipo akaona macho yamegeuka meupe, jasho la baridi, na kifua kinadunda kama kuku aliyekamatwa.

Jioni alikwenda kambini kumwona. Dada yake alikuwa akimsugua mumewe kwapani kwa kitambaa. Ule ulimbo mweusi wa majani haukutoka.

"Kaka," alisema bila kugeuka, "huyu anatapika tangu wiki ya kwanza. Kila asubuhi namwambia vaa gunia. Ananijibu, kaka yako atanicheka."

Sindano akachuchumaa kando ya mgonjwa.

"Atapona?"

"Muulize mwenyewe. Si mtani wako?"

Shemeji alifumbua jicho moja, akamwona, akajaribu kutabasamu. Tabasamu lile lilimuuma Sindano kuliko tusi. Akatoka nje bila kuaga.

Asubuhi alisimama mbele ya wachumaji amejifunga gunia, na rundo la mengine miguuni.

"Vaeni. Sumu inapita kwenye ngozi. Shemeji yangu hakuangushwa na tumbaku peke yake, nilimwangusha mimi kwa mdomo wangu."

Kisha mmoja akaguna, wa pili akakohoa kicheko, na mstari mzima ukalipuka.

"Jamani, leo kaleta maharusi kwa jumla!"

"Sindano, usituue!"

Machozi yakamtoka, wakazidi kucheka. Kumbe na kulia anajua!

Akaokota gunia, akamfunga mzee wa mbele kwa mikono yake mwenyewe. Mzee akasimama tuli, mdomo tayari kwa kicheko.

"Haya, sema sasa," mzee akamhimiza.

"Niseme nini, baba?"

"Si huo mzaha wenyewe, tucheke."

Sindano akakaza fundo, akainama kuchukua gunia la pili.