Alama Isiyokauka

Kazi ya Bwana Alama ilikuwa nyepesi kuieleza na nzito kuifanya. Sheria ilisema mita sitini kutoka ukingo wa maji ni ardhi ya watu wote, asijenge mtu. Yeye alipewa utepe wa kupimia, brashi na ndoo ya rangi nyekundu, na kila nyumba iliyovuka mstari aliipiga X ukutani. Baada ya siku thelathini lilikuja tingatinga. Alikuwa na miaka kumi na tisa katika kazi hiyo, na X yake ilijulikana: mguu wa kulia ulikuwa na mkia, kwa kuwa alichelewa kuinua brashi.

Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno wa ofisi yao ulikuwa na meno upande mmoja tu. Kwenye orodha ya nyumba za kupigwa X, mkuu wake alitia nukta ya penseli kando ya majumba ya ghorofa, likiwemo lake mwenyewe, na maana ya nukta ilikuwa pita kama hukuona. Bwana Alama naye akajiongezea nukta yake moja, kwa nyumba ya dada yake, hatua ishirini tu kutoka majini. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Nani angemlaumu?

Mshonaji mmoja aliyebomolewa nyumba alimlaumu. Mwaka uliopita, akiokota mabati yake kwenye kifusi, alimwambia bila kupandisha sauti, "Mstari wako una adabu sana, fundi. Ukifika mlangoni kwa nduguyo unapiga goti." Bwana Alama akacheka. Kicheko cha namna hiyo mimi sikipendi, ni cha mtu aliyekamatwa na ngozi mkononi.

Sasa Jumatatu moja asubuhi alipitia kwa dada yake kunywa chai, akakuta X kando ya mlango. Nyekundu, mbichi, na mkia kwenye mguu wa kulia. Aliitazama ndoo yake, na kifuniko kilikuwa hakijafunguliwa tangu Ijumaa. Akaigusa ile alama kwa kidole. Ilikuwa ya baridi, na haikunuka rangi, ilinuka matope. Aliifuta kwa shati lake kabla dada hajatoka.

Jumanne ilikuwepo tena. Jumatano alizunguka ufuo mzima, akaona kila nyumba yenye nukta ina X yake, kwa mwandiko wake, na hakuna hata moja iliyokauka kwenye jua la saa nne. Mbwa wa majumba makubwa walikuwa wamelala ng'ambo ya barabara, wakitazama mageti ya kwao bila kurudi.

Mkuu alimpa chokaa, akamwambia azifute zote na asiulize maswali. Alizipaka chokaa tabaka tatu. Chokaa iliteleza ikaanguka chini, X zikabaki.

Alipofika kwa dada yake, mlango ulikuwa wazi na dada alikuwa amepiga magoti, anakausha sakafu kwa tambara. Alisema, kama mtu anayezungumzia panya, kwamba siku hizi saruji inatoa jasho, na akiweka sikio kwenye mto anasikia maji yanapumua chini ya kitanda. Ukutani, usawa wa goti, kulikuwa na mstari wa tope ulionyooka kabisa. Dada aliufuta kila asubuhi, na kila asubuhi aliukuta juu kidogo. Nje maji yalikuwa yametulia tuli, pale pale yalipokuwa siku zote.

"Dada, mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini, mdogo wangu? Mpimaji si wewe? Watu wa ufuoni hapa wananunua nyumba kwa kutafuta ukuta usio na X. Na mimi miaka kumi na miwili nimelala usingizi wangu kwa sababu hukunipiga alama. Nilisema, pangekuwa na hatari, yule niliyembeba mgongoni angekuwa wa kwanza kuniambia."

Bwana Alama alikosa pa kuuweka uso wake. Alidhani anamfichia dada yake aibu ya kubomolewa, kumbe alimfichia maji. Aliona heri angepigwa kofi.

Akatoka nje, akafungua ndoo, akachovya brashi. Alipitisha rangi juu ya ile alama, mkono wake ukifuata mkono wake, mpaka kwenye mkia. Dada alisimama mlangoni akimtazama. Hakulia. Aliuliza tu kama na yeye ana siku thelathini, kama wenzake.

"Nadhani huna, Dada. Tuanze na godoro."

Walipomaliza kutoa kabati, alirudi akaigusa X. Ilikuwa imekauka. Ndani, kwenye chumba kitupu, maji yalikuwa yamefika kizingitini, nayo hayakupitia mlangoni.

Huko kwenye majumba ya ghorofa alama zilikuwa bado mbichi, na wakazi wa humo walikuwa ndani wanakula chakula cha mchana. Bwana Alama aliitikisa ndoo. Rangi ilikuwa imebaki nusu. Akaanza na geti la mkuu wake.