Ilisogeaje Mlango Ukiwa Wazi

Wajukuu zangu, darasa la nne sikumaliza, lakini lifti naijua. Miaka ishirini na sita nimetengeneza lifti za maofisi, na bibi yenu kanifulia nguo za kazi kwa kulalamika, maana grisi ile haitoki. Haya, hayo tuyaache. Nilitaka kuwaeleza ya Jumapili ile alipokuja shemeji yangu, kaka wa bibi yenu.

Shemeji ndiye alikuwa anaendesha lifti ya jengo letu. Anakaa ndani kwenye kistuli, anabonyeza namba, anavuta mlango, anatania watu. Siku moja mama mmoja mpiga chapa alikuwa anaingia, mguu mmoja ndani, mmoja nje, lifti ikapanda. Akaanguka, nyonga ikavunjika. Shemeji akaambiwa umebonyeza kabla hujafunga mlango, akafukuzwa. Miaka kumi na tisa anaamini hivyo. Na kila akiniuliza, mimi namrushia makombora ya kifundi: saketi, rilei, intaloki. Anakwenda zake bila kuelewa.

Jumapili ile akasema, "Fundi, leo usinipige chenga. Nieleze kama unamweleza mtoto wa chekechea. Nataka kujua kidole changu kilifanya nini."

"Mambo ya zamani hayo, shemeji. Kunywa chai."

"Chai naiona. Sema."

Bibi yenu akacheka. "Utamsumbua bure, kaka. Huyu maneno mepesi anayo mawili tu, njaa na usingizi."

Ikabidi. "Lifti ni sanduku," nikasema. "Juu kuna mota. Inavuta kamba, sanduku linapanda."

"Hapo sawa. Na mlango?"

"Mlango una kipande cha chuma. Ukifunga, kinagusa chuma kingine, umeme unapita, mota inazunguka. Ukifungua, vinaachana. Umeme unakatika."

"Kwa hiyo mlango ukiwa wazi, nikibonyeza?"

"Haiendi."

"Nikikandamiza sana?"

"Hata ukipanda juu ya kitufe ukacheza ngoma."

Akaweka kikombe chini. "Siku ile mlango ulikuwa wazi, fundi. Ilisogeaje?"

Lile neno intaloki lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, wallahi. Lakini mtu kaniomba maneno ya chekechea, na humo pa kujificha hakuna.

"Nilifunga waya," nikasema. "Vile vyuma vilikuwa vimechakaa, leo vinagusa, kesho havigusi. Lifti inakwama, bosi wa ghorofa ya saba anafoka, spea haijaja. Nikaunga waya mfupi, umeme ukawa unapita tu, mlango ufungwe usifungwe. Nikajiambia ni wa siku mbili. Ukakaa wiki tatu. Mama wa watu alipoanguka nikapanda mbio kuutoa, kabla wakaguzi hawajafika."

Bibi yenu kicheko kikamkatika.

"Mimi siku zote nilikuwa nabonyeza kwanza, ndio nafunga," shemeji akasema, polepole. "Ulikuwa unaniona."

"Nilikuwa nakuona."

"Na lifti ilikuwa inanisubiri nifunge mlango."

"Ilikuwa inakusubiri."

"Ukafunga waya, hukuniambia."

"Sikukuambia."

Nilidhani atanipiga. Ningeshukuru. Akajipangusa uso kwa kiganja. "Yule mama naenda kumsalimia kila mwezi. Nikifika naomba radhi. Juzi kaniambia, basi baba, imetosha. Kumbe nilikuwa nakuombea wewe radhi."

"Nisamehe, shemeji."

"Usianze na mimi. Vaa viatu. Utamweleza yeye, hivi hivi, sanduku, chuma, waya. Ukimletea intaloki nakung'oa meno."

Viatu alivileta bibi yenu. Akavitupa miguuni pangu bila kuniangalia, akajitanda mtandio wake. Naye anakuja. Mimi nikainama kufunga kamba, kamba haishiki. Wote wawili wamesimama mlangoni wananitazama, na hakuna aliyenisaidia.