Waya Mkuu Nyuma ya Kitanda cha Mama

Mikate ilikuwa imeshaumuka kwenye trei, na mwokaji alisimama ukumbini mikono kiunoni, akimtazama dada yake kana kwamba ndiye aliyeiharakisha kuumuka.

"Unganisha tanuri basi, Bisibisi. Wateja hawali maelezo."

Bisibisi, fundi umeme wa familia, hakugeuka. Boksi la tatu la swichi alikuwa amelifunga vizuri ukutani, limenyooka, skrubu zimekaza. La kwanza lilikuwa la nyumba, la pili la karakana ya kaka yao mkubwa, seremala. Hili jipya lilisubiri tanuri la umeme la mwokaji. Lakini yote matatu yangekula umeme kutoka waya mkuu mmoja, ule aliouvuta marehemu baba yao enzi nyumba ina taa na pasi tu.

"Huu waya ni mwembamba," alisema. "Karakana peke yake inautosha."

Seremala alikuja akipangusa vumbi la mbao kwenye nyusi. "Mbona swichi yangu haijaanguka ikakata umeme hata siku moja? Na naranda kutwa."

"Yako inachunga boksi lako, kaka. Ya nyumba inachunga nyumba. Huu unaowabebea wote, nani anauchunga?"

"Si ni wewe," alisema mwokaji, wakacheka wote wawili. Nyuma yao mashine ya kuranda ilikuwa ikinguruma; kijana wa kazi aliachiwa mbao.

Bisibisi akaamua kuufuata waya wenyewe. Uliingia chini ya paa, ukateremka ndani ya ukuta wa chumba cha mama yao, ndipo ukatokea ukumbini. Akabisha, akaingia, akasita mlangoni. Kitanda, ambacho siku zote kilikaa dirishani, kilikuwa kimesogezwa hadi ukutani. Mama yao amekaa juu yake, mgongo ameuegemeza kwenye plasta.

"Mama, nani amehamisha kitanda?"

"Mimi na jirani. Ukuta huu una joto zuri, mwanangu, hasa kaka yako akiwasha mashine. Maumivu ya kiuno yamepoa kabisa. Nilidhani mmenitengenezea."

Bisibisi alifika kitandani kwa hatua mbili. Alimwinua mama yake taratibu, akasogeza mto. Nyuma yake plasta ilikuwa na mstari wa rangi ya chai, toka juu hadi chini, na harufu kama ya ndala iliyosahauliwa karibu na jiko.

Akawaita. Hakupaza sauti, lakini walikuja mbio.

Seremala aliuona ule mstari, akaweka kiganja karibu nao, akakirudisha. "Waya unaungua humo ndani," alisema Bisibisi. Mama aliwatazama mmoja mmoja.

"Msigombane. Mimi nitarudi dirishani, mikate iive."

Mwokaji akainamisha kichwa. Seremala alishatoka, wakasikia mashine ikipunguza sauti, ikakoroma, ikanyamaza. Bisibisi akaenda ukumbini, akashusha swichi ya nyumba na ya karakana, hii ya pili akaifunga kwa kufuli lake, ufunguo akautia kifuani.

"Waya mpya unatakiwa mnene kiasi gani?" seremala aliuliza aliporudi, sauti imeshuka.

"Niandikieni kila mnachowasha kwa pamoja. Nyote, na pasi ya mama. Nitapima kwa hicho."

Mwokaji alibeba trei ya kwanza kichwani, akaenda kuomba tanuri kwa jirani. Chumbani, mama yao alikuwa bado anaupapasa ukuta, polepole, huku ukipoa.